Ncha Tupu ya Kamba

Asubuhi wapanda miamba walipokwenda kumchukua mwenzao Dada Turubai, Mzee Breki alitoka nyumbani kwake na mto wa kitandani. Alikuwa ameuomba kwa mkewe, na mkewe akautoa na foronya safi juu yake. Mzee akauweka kwenye kiti cha mbele cha pikapu, akaupigapiga, akausogeza, akauangalia kwa makini kama anavyoangalia magurudumu ya lori lake kabla ya safari, ili mguu wa dada upate pa kulala njiani. Ilikuwa mara ya kwanza dada kurudi mwambani tangu aanguke, wiki saba zilizopita.

Fundi saa aliyaona hayo yote kutoka nyuma ya pikapu. Alikuwa amejikunyata katikati ya mabunda ya kamba, magoti yamefika kidevuni, ingawa kwenye benchi palikuwa na nafasi. Mwokaji mikate alimwita mara mbili aje akae vizuri, na mara ya tatu akamuuliza kama amezioa hizo kamba. Fundi saa akacheka kidogo, akabaki pale pale.

Wenzake walimwita Sekunde, kwa sababu wakikubaliana kukutana saa kumi na mbili alikuwa anatokea saa kumi na mbili, si kabla wala baada. Katika kichumba chake cha kazi, kabla ya kufunga mgongo wa saa ya mtu, alipanga skrubu zote juu ya kitambaa cheupe na kuzihesabu, nyingine ndogo kuliko mbegu za ufuta, na mteja angesubiri hata kama amenuna. Mtu wa namna hiyo hasahau kitu. Ndivyo walivyoamini wote, na ndivyo alivyojiamini mwenyewe.

Dada Turubai alipewa jina lake kwa kazi yake pia. Alikuwa anashona maturubai ya malori, na cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu. Huyu ndiye aliyewafundisha wote kufunga mafundo. Mzee Breki, aliyekuwa amefunga mizigo kwenye malori miaka ishirini, alikaa mbele yake siku ya kwanza akaambiwa kwa upole kwamba anafunga kamba kama anayefunga mfuko wa vitunguu. Kila mgeni aliyejiunga nao alipita kwanza mikononi mwa dada. Hakumcheka mtu. Alikuwa anashika vidole vyako, anaviongoza mara mbili tatu, kisha anasema, haya, sasa peke yako, na hapo hapo anageuza uso pembeni, anajifanya anatazama ndege, ili ukikosea usione haya.

Alipoanguka ilikuwa hivi.

Walikuwa wamepata njia mpya kwenye mwamba, ndefu kuliko zote walizozizoea. Anayepanda hufungwa ncha moja ya kamba kiunoni. Kamba hupita juu kwenye pete ya chuma, ikarudi chini kwa mshika kamba, ambaye mkandani ana breki, yaani kifaa cha kuibana kamba. Mpandaji akimaliza, mshika kamba humteremsha polepole kwa kuiachia kamba ipite kwenye breki. Sasa kamba ikiwa fupi kwa njia ile, ncha ya pili itaifikia breki kabla mtu hajafika chini, itachomoka, na mtu ataanguka. Kwa hiyo ncha ile hufungwa fundo kubwa lisiloweza kupita. Mshika kamba hulifunga, na mpandaji huligusa kwa mkono wake kabla ya kuinua mguu. Ni kazi ndogo, haimalizi hata dakika.

Siku ile mshika kamba alikuwa fundi saa. Ncha alikuwa nayo mkononi. Ndipo Mwokaji akapita na mkate uliokuwa bado una joto, ameufunika kwa kitambaa, akamega kipande kikubwa akampa. Fundi saa alilelewa kupokea kitu kwa mikono miwili. Akaiweka ncha chini, akapokea, akala, akausifu. Dada akamuuliza kama yuko tayari, na yeye, akifuta makombo mdomoni, akasema yuko tayari.

Dada alipanda vizuri mno. Alipokuwa anateremshwa alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, kama alivyozoea akiwa kwenye cherehani. Zilibaki mita mbili na nusu hivi. Kamba ikapita viganjani mwa fundi saa, ikapita kwenye breki, ikaisha, kama mkia wa panya unaoingia shimoni, na wimbo ukakatika.

Mzee Breki alifika mbio akauliza kumetokea nini. Fundi saa alikuwa amepiga magoti kando ya dada. Mguu wa dada aliuona umevunjika, na alijua sababu tangu kamba ilipomtoka. Lakini mdomo wake ulisema kabla hajauruhusu.

"Fundo limefunguka," alisema.

Ukitazama, yalikuwa maneno mawili tu. Lakini ndani yake mlikuwa na fundo ambalo halijawahi kuwepo, na mtu aliyelifunga vibaya. Dada Turubai alikuwa amelala chali, jasho limemtoka mpaka kwenye masikio. Akageuza macho, akamtazama fundi saa. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko mtu mwenye maumivu yale anavyoweza kumtazama mwenzake.

"Nililifunga mimi," akasema dada. "Nililifunga vibaya."

Basi, ikawa hivyo. Walimbeba kwa zamu mpaka kwenye gari, na aliyelia njiani alikuwa fundi saa, wote wakamwonea huruma kwa kuwa ana moyo laini.

Wiki saba hizo alikwenda kwa dada kila jioni baada ya kufunga kazi. Alimchotea maji. Alimkunjia maturubai mazito ambayo dada hakuweza kuyainua. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, na kila mteja aliyechungulia mlangoni aliambiwa asubiri, na wengine hawakusubiri, walichukua maturubai yao wakaenda kwingine. Fundi saa aliwaona wakiondoka nayo mabegani. Saa ya ukutani ya dada ilikuwa inachelewa, akaishusha, akaisafisha, akaipandisha tena, na dada akamshukuru mpaka fundi saa akakosa pa kutazama.

Jioni moja alikaa kwenye kigoda, akasema, dada, siku ile. Dada akamwomba amsogezee mkasi. Akausogeza. Akajiambia kwamba bila shaka dada hataki mambo hayo yaguswe, na kuyagusa ni kumuumiza upya. Akaenda nyumbani akijiona mtu mwenye huruma. Lakini usingizi haukuja, na mkewe alipomuuliza ana nini alisema ni mgongo. Mkewe, masikini, akamkanda mgongo wiki nzima kwa mafuta ya moto, mgongo usio na ugonjwa wowote.

Sasa walikuwa wamefika. Plasta ilikuwa imetolewa siku chache nyuma, na dada alitembea kwa gongo moja, Mwokaji yuko nyuma yake amenyoosha mikono kama anayemfukuza kuku taratibu. Dada akamwambia aishushe hiyo mikono, hajawa mtoto wa kutambaa. Mwokaji akaishusha, na baada ya hatua tatu akainyoosha tena.

Walikuwa na mtu mpya siku hiyo. Alikuwa karani wa posta, binti mwembamba mwenye kofia ngumu ya kuazima iliyomfunika mpaka kwenye nyusi. Alimsalimia kila mmoja kwa heshima, kisha akasimama na mikono nyuma kama anayesubiri kuitwa.

Kikundi hiki kilikuwa na desturi yake. Kabla ya mtu yeyote kupanda, wote walikaa chini kwa mstari na kuipapasa kamba. Ilipita kutoka mkono hadi mkono, sentimita kwa sentimita, kila mtu akisikiliza kwa vidole kama kuna mahali palipochanika au palipolainika. Kamba ya mita sitini huchukua muda. Kwa hiyo hapo ndipo walipopigia soga zote, na utani wote, na hapo ndipo mtu aliyekuwa na habari ya kutoa aliitoa.

Dada alikalishwa wa kwanza, juu ya ule mto wa foronya. Akafuata Mzee Breki, kisha karani, kisha Mwokaji. Fundi saa alikaa mwisho. Kamba ikaanza kutembea.

Mzee Breki alieleza habari za tairi lililopasuka. Mwokaji alilalamika kwamba tangu aanze kupanda miamba wateja wanamuuliza kama mikate yake imepungua au yeye. Halafu dada akasema na yeye ana neno. Akasema anataka kumshukuru mtu mbele ya watu. Akasema tangu aumie hakuna jioni hata moja aliyokaa na mitungi mitupu, kwa sababu ya mdogo wake Sekunde. Wote wakageuka kumtazama fundi saa. Mzee Breki akasema mtu kama huyu ni wa kufungiwa kabatini asiibwe. Karani akamtabasamia kwa heshima.

Fundi saa aliinama juu ya kamba. Masikio yalikuwa yanamwaka. Angetukanwa angejua la kufanya, lakini sifa hakujua aziweke wapi. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na kamba yake.

Hapo karani, kwa sauti ndogo, akauliza ni nani atakayemfundisha fundo, maana aliambiwa huwezi kupanda kabla ya kujua fundo.

Mzee Breki akajibu bila ubaya wowote. Alikuwa mtu wa utani tu.

"Nenda kwa Sekunde, mwanangu. Mafundo ya dada siku hizi yako likizo."

Walicheka. Dada naye alicheka. Lakini fundi saa, ambaye kazi yake ni kuona vitu vidogo, aliona mkono wa dada. Mkono ulikuwa tayari ndani ya mfuko wake wa kitambaa, na ulikuwa umeshatoa nusu ya kipande cha kamba. Kilikuwa kile kifupi cha kufundishia, ambacho dada alikuwa amekishona ncha zote mbili kwa uzi mwekundu ili kisifumuke. Alikuwa amekibeba kutoka nyumbani kwa ajili ya huyu mgeni. Akiwa bado anacheka na wenzake, mkono ulikirudisha kile kipande ndani, kikaingia taratibu, na ukakaza mdomo wa mfuko.

Kamba kubwa ikaendelea kutembea. Soga zikaendelea. Fundi saa hakusikia tena neno. Ilimpitia vidoleni mita kwa mita, nzima, haina kosa popote, mpaka Mwokaji akaachia na ncha ikamfikia. Ncha tupu. Akaishika.

"Fundo halikufunguka," akasema.

Mwokaji akadhani anazungumzia fundo lingine, akamuuliza lipi.

"La siku ile. Halikufunguka, kwa sababu halikuwepo. Mimi ndiye mshika kamba, na sikulifunga. Dada hakuishika hata hiyo ncha. Mlivyouliza nikadanganya, na dada akanifichia."

Mkate hakuutaja. Mkate haukuwa na kosa, na Mwokaji alikuwa amekaa pale na mikono yake minene juu ya magoti, hajui chochote. Wala hakusema kwamba aliogopa, wala kwamba alikusudia kusema zamani. Maneno hayo yalimjia mdomoni moja baada ya jingine, yamepangwa vizuri kama skrubu, akayameza.

Karani alitazama chini, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba akakuta wenyewe hawajavaa. Mzee Breki alizungushazungusha kofia yake mkononi.

"Wiki saba," akasema hatimaye. "Wiki saba nimemtania huyu dada. Mbele ya watu. Mpaka nyumbani nimewahadithia wanangu, wakacheka."

Akainuka, magoti yakalia. Fundi saa alijua anakuja kwake, akajikaza. Lakini mzee alimpita. Alikwenda mpaka kwa dada, akachuchumaa mbele ya mto, mtu mzima yule mwenye mvi, akamwomba radhi kwa utani wake. Dada akamwambia utani haujavunja mguu wa mtu, ainuke, asimtie aibu. Mzee hakuinuka mpaka alipoambiwa amesamehewa, kwa neno lenyewe.

Fundi saa aliyatazama hayo, na ndipo alipoona ukubwa wa alichokifanya. Uongo wake alidhani uko kati yake na dada tu, umefungiwa kwenye kile kichumba chenye cherehani. Kumbe ulikuwa umemtembelea kila mmoja wao nyumbani, na mtu asiye na hatia amechuchumaa kuomba radhi kwa ajili yake.

Akasogea. Hakujua asimame au akae, akabaki ameinama nusu.

"Dada," akasema.

"Mimi pia nilitakiwa kuligusa," dada akasema, akiwaambia wote. "Sikuligusa. Nilikuwa na haraka ya kupanda. Kwa hiyo msimtwishe yote."

Fundi saa akatikisa kichwa. Akasema hapana, dada, usinisaidie tena.

Dada Turubai alikuwa anasugua mguu wake juu kidogo ya kisigino, pale mfupa ulipounga.

"Niliona uso wako siku ile," akamwambia. "Nikajua wakikubana pale pale, nikiwa nimelala chini hivyo, hutashika kamba tena maisha yako yote. Nikasema nimbebee mdogo wangu huu mzigo mpaka jioni. Nilidhani jioni utakuja kuuchukua."

Hakusema kwa hasira, na lingekuwa jambo jepesi kama angesema kwa hasira. Fundi saa alikumbuka ule mkasi. Akakumbuka alivyousogeza haraka, kwa shukrani, na mlango wa maneno ukafungwa, na kwamba aliyeufunga alikuwa yeye. Dada aliomba mkasi tu. Alikuwa na uzi wa kukata.

Kisha Mzee Breki alimjia. Akamwambia avue breki yake mkandani. Alisema leo hashiki kamba, wala safari ijayo, wala ile ya baada yake, mpaka wote wakae na kukubaliana. Na hilo la kukubaliana litaanza na dada. Fundi saa akaivua. Vidole vinavyofungua saa za wanawake, ndogo kama kifungo cha shati, vilishindwa na bizimu la mkanda, na Mzee Breki, bado amekunja uso, akamsaidia kulifungua.

"Hatukufukuzi," mzee akasema. "Usije ukasema tulikufukuza."

Mzee Breki na Mwokaji waliondoka na vifaa vingine kwenda chini ya mwamba, kamba wakaiacha. Fundi saa alibaki amesimama karibu na mabunda, hajui aende wapi. Angeweza kwenda kukaa garini. Alikuwa ameshapiga hatua mbili kuelekea garini.

Nyuma yake akasikia dada anamwita karani aje akae mbele yake, kwenye mkeka. Akasikia mdomo wa mfuko unafunguliwa. Kisha akasikia anaitwa yeye.

"Na wewe njoo."

Akaja. Akakaa mkekani kando ya yule binti wa posta, kama mgeni na mgeni mwenzake. Dada akatoa kile kipande chenye ncha nyekundu, akampa karani. Fundi saa akaambiwa achukue ncha ya kamba kubwa. Dada akaanza kufundisha mwanzo kabisa, jinsi ya kushika, upande upi uwe juu, na wapi watu wengi hukosea. Karani alikosea mara nne. Kila mara alipoambiwa ajaribu peke yake, dada aligeuza uso akatazama ndege.

Ikafika zamu ya fundi saa. Fundo lile alikuwa amelifunga mara elfu. Akazungusha kamba, kitanzi kikateleza, akapitisha upande usio wenyewe. Akainua macho akitumaini kwamba dada ametazama pembeni.

Hakuwa ametazama pembeni. Alikuwa anamtazama yeye, mikononi na usoni, wala hakuondoa macho.

"Fungua," akasema. "Anza tena."

Akafungua. Karani, kwa wema wake, alijifanya anahangaika na kamba yake mwenyewe. Fundi saa akaanza tena, uso unamwaka, na macho ya dada yako juu yake.

Alikuwa amefika katikati Mwokaji alipotokea kutoka kule mwambani, kitambaa chake mkononi. Alikuwa ameshampa Mzee Breki chake. Alisita kidogo mbele ya fundi saa, akamtazama, akatazama mkate, kisha akamega kipande kikubwa kama kile cha siku zote, akamnyooshea.

Fundi saa alikiona kipande. Alisikia harufu yake. Mkono wa Mwokaji ulikuwa umenyooka, unasubiri, na kuuacha mkono wa mtu ukining'inia hivyo ni utovu wa adabu.

"Nisubiri kidogo, kaka," akasema, bila kuiacha ncha.

Akapitisha, akavuta, akakaza mpaka fundo likawa gumu kama kokwa. Akalinyoosha mbele ya dada kwa mikono miwili. Dada Turubai akaweka vidole juu yake, akalibonyeza huku na huku, akachukua muda wake wote. Kisha akaitikia kwa kichwa, na ndipo fundi saa alipogeuka kupokea mkate.